Mama Aliyekataa Nifute Upande wa Zamani

Wengine wakinisikia nikisimulia jambo hili hucheka, na siwalaumu. Lakini lilinipata mimi, mchana, jua likiwaka, hapa mtaani Himbi ninapotengeneza ordinateri, yaani kompyuta.

Mama mmoja aliingia na machine aliyoifunga katika kitenge. Alisema ametoka Rutshuru.

"Papa, hii ni ya mutoto wangu, Furaha. Inachelewa sana. Nasikia unaweza kuweka sisteme ingine pembeni ya Windows, bila kufuta kitu."

"Inawezekana, mama. Nitaweka Linux. Kila ikiwaka itauliza unataka ipi."

"Sawa. Lakini ile ya zamani usiiguse. Kazi yake yote ya masomo iko mule."

Akaandika neno la siri mwenyewe, kwa kidole kimoja, polepole, kisha akaenda kukaa mlangoni.

Nikaangalia ndani: diski imejaa. Ili Linux ipate nafasi ilinibidi nihamishe vitu, nipunguze sehemu ya Windows, nisubiri masaa. Nikufiche nini? Nilichoka, na watu wengine walikuwa wananingoja. Kioo cha machine kikaniuliza: niweke sisteme mpya pembeni ya ile ya zamani, au nifute diski yote? Nikachagua kufuta. Nilijiambia nitasingizia virusi. Mama kama huyu atajua nini?

Ilibaki kubonyeza mara moja tu.

"Papa," akasema, amenipa mgongo, macho yake njiani, "nilikuambia nini?"

Niamini, kutoka pale hakuweza kuona kioo. Nikaghairi kufuta, nikafanya kazi kama alivyotaka. Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa mtupu. Juu ya kiti aliacha karatasi yenye namba ya simu ya Furaha.

Nikampigia. Alikuja kesho yake, msichana mwembamba, na alipoona kile kitenge akashika ukuta.

"Nani amekuletea hii?"

"Mama yako."

"Mama tulimuzika Rutshuru, kisha tukakimbia vita. Hii machine tuliiacha mu nyumba."

Nikaiwasha. Ikauliza, naye akachagua upande wa zamani, akaandika lile neno ambalo, alisema, walilijua wao wawili tu. Kazi yake ilikuwepo yote, hata ukurasa aliouacha katikati ya sentensi. Hakulia. Aliniuliza tu:

"Alionekana amechoka?"

Nikasema hapana. Ukweli ni kwamba sijui. Muda wote ule yule mama alikuwa katika chumba changu cha kazi, na mimi sura yake sikuitazama. Nilitazama machine.

Furaha alimaliza masomo yake. Mimi, tangu siku ile, sifuti diski ya mtu mpaka mwenyewe akae karibu yangu na kuniambia ndiyo mara mbili. Wenye haraka huenda kwa mafundi wengine. Waende. Kuna michana bado nasikia lile swali nyuma yangu, na nikigeuka hakuna mtu.

Nawe, siku utakayoweka sisteme ya pili, kwanza nakili kazi yako mahali pengine, na usome kila neno kabla ya kubonyeza. Na mama wa mtu akija kukutuma, acha unachofanya, umwangalie usoni.