Siku Saba za Kupigilia Birika

Baada ya alasiri, uchochoro wa msikitini pale Temeke siku hizi uko kimya. Mlio wa gongo la Bi Hamisa likipiga chokaa haupo tena, na wapo wanaosita wakifika pale, kama waliosahau kitu nyumbani.

Alizaliwa Kisimajuu, bandari ya kusini iliyozungushiwa ukuta wa matumbawe tangu enzi za wavamizi wa baharini. Lango lilifungwa jua likizama. Ndani ya ukuta, mtu akijenga dari ya chokaa, mtaa mzima ulikuja na magongo, ukaipigilia siku saba kwa nyimbo hadi chokaa ishikamane isivuje. Asiyekwenda kwa mwenziwe, kwake hawakuja. Kisha meli za moshi zikahamia Dar es Salaam, vijana wakazifuata, na dari zikaanza kuvuja kwa kukosa mikono. Ukuta ulibaki umesimama, ukilinda magofu. Hamisa akaondoka na gongo lake, akahamia Temeke.

Mwaka 1948 saruji ilikuwa adimu. Akawashawishi watu wa mtaa wajenge birika la maji ya mvua kwa chokaa, ili wanawake waache kuteremka bondeni kila alfajiri. Sharti lake lilikuwa siku saba. Siku ya tatu fundi Fakihi aliigonga sakafu ya birika kwa kisigino, akasema imekwisha kushika, na watu wakatawanyika. Wazee walikuwa wameshasema kwamba ikipasuka, shimo litafukiwa.

Hamisa akabaki anapiga peke yake.

"Bi Hamisa, hapa si Kisimajuu," Fakihi akamwambia. "Hapa hakuna ukuta wala lango. Kila mtu na lake."

"Basi nenda kwenye lako, mwanangu. Mie bado nina siku nne."

Siku ya tano akaja Kokushubila, mke wa karani kutoka Bukoba, mchi begani.

"Nyimbo zenu sizijui, mama, ila kupiga najua. Muulize mume wangu."

Hamisa alicheka hadi akakaa chini. Kicheko kile kikawatoa wanawake majumbani. Jioni walikuwa kumi na mmoja, na Fakihi naye akipiga kwenye kona ya mwisho.

Mvua ya kwanza ilijaza birika nusu. Hamisa akachora mstari wa mkaa usawa wa maji, akalifunika. Baada ya siku tatu akalifunua mbele ya wazee: maji yalikuwa bado yanagusa mkaa.

Sasa, uzeeni, Bi Hamisa anaishi Chanika, kwa bintiye. Gongo liko kwa Kokushubila.