Barua ya Kumnyamazisha Bibi

YAH: KUTAKIWA KUACHA MARA MOJA KUTISHA WANAFUNZI KWA IMANI POTOFU.

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, katika kijiji chetu chini ya milima ya Kibakwe, hiyo ndiyo barua ya kwanza niliyomsomea bibi yangu. Ililetwa na mgambo, imegongwa muhuri mara mbili, pengine kwa sababu wa kwanza ulitoka hafifu na ofisi haipendi kuonekana hafifu.

“Shikamoo bibi. Kuna barua yako.”

“Marahaba. Nani kafa?”

“Hajafa mtu. Ni ya ofisi.”

“Ya ofisi! Ofisi nimeikosea nini, na hata mlango wake siujui?”

Kosa lake lilikuwa maneno. Bibi alikuwa na onyo kwa kila kitu. Usiingize mkono kwenye shimo la kichuguu, kuna mzee amelala humo. (Siku moja mzee huyo alitoka kuota jua, alikuwa nyoka, swila.) Lakini onyo lililomfikisha ofisini lilihusu mto. Mto wetu ni wa mchanga. Miezi mingi ya mwaka hauna tone juu, na wanawake huchimba visima humo humo mchangani wakachota kwa kata. Bibi alisema mto una mwenyewe, anaishi mlimani, na akishuka mtoni kwake hapigi hodi. Ukisikia ngurumo huko juu, hata kama kwenu jua linachoma, fudikiza kata yako kando ya kisima, panda ukingoni, kaa huko.

Wanawake wote walifanya hivyo. Watoto nao tukawa tunaukimbia mto kila mlima ukikohoa, na hapo ndipo tulipogombana na maendeleo. Shule ilikuwa inajenga darasa, matofali yalitaka maji, na maji yalichotwa na wanafunzi.

Mtendaji wa kijiji alikuwa mgeni, msomi, kalamu mbili mfukoni. Aliandika kwamba bibi “anadhoofisha ari ya kujitolea.” Bibi aliniambia nirudie hapo, akacheka mpaka akashika ubavu.

Wiki ile ile, mchana, tulikuwa kwenye mstari na ndoo zetu mlima uliponguruma. Juu yetu hapakuwa na wingu. Bibi akaja shuleni mbio mbio, bila viatu.

“Mwanangu mtendaji, wasubirishe watoto. Mlimani kumenyesha.”

“Bibi, barua yangu uliipata?”

“Niliipata, nikasomewa vizuri. Wasubirishe mpaka jioni tu.”

“Huyo mwenye mto wako mwambie aje ofisini nimsajili.”

Walimu wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, maana miguu ya bibi yenye vumbi ilinitia aibu mbele ya wenzangu.

Bibi alinishika mkono, akanitoa mstarini. “Huyu ni wangu. Niandikie barua nyingine.”

Mtendaji akaiokota ndoo yangu, akampa Neema, binti wa jirani niliyekuwa nikikaa naye dawati moja. “Utachota na ya huyu mwoga.” Neema akanitolea ulimi, akashika njia ya mtoni na ndoo mbili.

Siku hizi nafanya kazi Chamwino, na muhuri ninao mwenyewe. Nimesoma vya kutosha kukueleza jinsi mvua ya mlimani inavyoshuka kwenye mto mkavu. Naweza hata kukuchorea. Mchoro wangu unasema kile kile alichosema bibi, ila cha bibi kilikaa kichwani mwa mtoto wa miaka mitano. Hilo ndilo linalonikasirisha, na hasira hii haizeeki. Hakuna aliyemuuliza ameona nini. Walimuuliza anaamini nini, na walipolipata jibu la hilo wakaona limetosha. Mtendaji hakuulizwa kitu. Alihamishwa, tena karibu zaidi na mjini. Taarifa iliandika “mvua kubwa isiyotarajiwa.” Isiyotarajiwa! Mwanamke mzima alikuja pekupeku kuitarajia mbele yao. Nina hasira pia na kicheko changu, ambacho hakikuandikwa katika taarifa yoyote.

Wanangu nimewaambia mto una mwenyewe. Mume wangu ni mhandisi wa maji, anayasikia, na hajawahi kunisahihisha.

Siku ile kijijini halikudondoka tone. Watoto walisikia maji yakivuma, wakapanda ukingoni wote, na Neema akiwamo. Ndoo yake ilikuwa imejaa, yangu ilikuwa imebaki kisimani. Alirudi kuichukua, na maji yakamkuta hapo. Tulimzika Jumamosi.