Meno Yaliyochelewa

Wakati wa vita vya pili vya dunia nilikuwa na miaka minane, na mbele ya kinywa changu hapakuwa na kitu. Meno ya utotoni yalikuwa yameng'oka zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Watoto wenzangu waliniita kibogoyo.

Ndipo binti wa mama mdogo akaja kututembelea Bungoma kutoka Kitale. Nilimzidi mwaka mzima, lakini yeye tayari alikuwa na meno manne mapya. Alikuwa amenona. Baba yake alikamua ng'ombe kwa mzungu, na wafanyakazi waligawiwa maziwa yaliyotolewa siagi. Kwetu mvua ilikuwa imekosa misimu miwili, tukala ugali kwa majani ya kunde mara moja kwa siku.

Nyanya alisema mtu ameokota jino langu akalifanyia dawa. Kesho yake mama alitushika mikono sote wawili, akatupeleka zahanati.

Dresa, mhudumu wa zahanati, alitupandisha kwenye mizani. Mimi mkubwa nikawa mwepesi kuliko mdogo wangu. Kisha akaniingiza kidole kinywani, akabonyeza ufizi.

"Mama, meno yake yako hapa chini. Nayagusa."

"Mbona basi hayatoki?"

"Mwili hauna chakula. Mtoto akikonda hivi, hata meno huchelewa. Mpe maziwa, maharagwe, mayai."

"Mayai? Si huyu ni msichana!" Kwetu wasichana hawakula mayai.

"Mpe tu, mama."

Nje, mama aliketi kwenye ngazi akalia. Niliogopa, nikadhani nitakufa.

"Hukurogwa," aliniambia, akijifuta kwa leso. "Ni njaa tu. Njaa naiweza."

Binamu yangu aliporudi Kitale, nilipanda naye lori la mahindi. Mama mdogo alinipa kikombe cha maziwa kila asubuhi na yai kila Jumapili. Yai la kwanza nililila nimefumba macho, nikingoja ubaya. Haukuja.

Miezi ilipita. Siku moja, nikitafuna maharagwe, ulimi wangu uligusa kitu chenye makali. Mama mdogo alichungulia, akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka.

Mama alipofika Kitale hakunisalimu. "Fungua mdomo!" Alipitisha kidole juu ya meno mawili, taratibu, akarudia, kisha akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mvua ikose.

Nyanya tulimweleza habari ya mayai baadaye. Aliuliza kama huliwa kwa chumvi.