Mvua ya Madebe

Juzi jioni niligombana na soja, mlinzi wa fleti yetu hapa Kilimani. Kama hujawahi kuona mwanamke mzima akimgombeza mtu aliyeshika mkebe wa dawa ya wadudu, basi ulikosa sinema. Mchana kutwa joto lilikuwa limetukalia kichwani. Jioni ngurumo zikapasuka, mvua ikamwagika kwa hasira, ikakatika, na taa za ngazi zilipowashwa tu, wakaja kumbikumbi, wengi, wanagonga balbu kama watu waliokosa kadi ya harusi. Nikakimbia ndani kutafuta karai. Niliporudi soja alikuwa ameshawapulizia wote na anawafagia, na binti yangu amepanda juu ya kiti analia, "Mum, wadudu! Wadudu!"

"Wewe umeua chakula!" nikamwambia soja.

"Madam, chakula gani? Hii ni uchafu ya mvua."

Uchafu. Hapo binti yangu akashuka kwenye kiti akaniuliza kama haya ndiyo yale majira ya katuni yake. Ipo katuni moja ya watoto wa kaskazini kabisa mwa dunia, kule ambako kiangazi kinapoanza joto huja na radi zake, jua linakataa kwenda kulala, na watoto wanaruka madimbwi wakiwa na viatu vya mpira vya manjano. Binti yangu anaijua hali ya hewa ya huko kuliko mtabiri wa runinga. Anajua mpaka rangi ya mawingu yao. Ya dirishani kwake hajui. Nilikasirika mpaka nikakaa chini, na mtu akikaa chini na hasira yake, rafiki yangu, ndipo mambo ya zamani humpata. Mimi yalinipata ya Waithaka, mtaa wa pembeni mwa Nairobi nilikokulia.

Tulikaa kwenye ploti ya vyumba vya mabati, mfereji mmoja, choo kimoja, na zizi la ng'ombe kwa nyuma. Mwezi wa tatu kule si mchezo. Mabati yalipata moto mpaka yakawa yanalia yenyewe, ta, ta, kama mtu anayekunja vidole vikalia. Samadi ilinuka, majani ya ng'ombe yalinuka, na mfereji ukifunguliwa ulitoa upepo tu. Na kila mchana mawingu yalikusanyika juu ya vilima vya Ngong kama kamati ya mazishi. Yalinguruma, yakabishana, yakatoa mwanga kidogo, kisha yakaahirisha mkutano mpaka kesho. Tone hata moja, hakuna.

Mama alifanya kazi katika nyumba ya watu Spring Valley, anatoka kukiwa giza na kurudi kukiwa giza. Kwa hiyo nyanya yetu mzaa mama, ambaye kwa Kiluhya tulimwita Kukhu, aliletwa kutoka magharibi amlee mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya kidole na kulowesha kila anayembeba. Kukhu hakuipenda Nairobi, na hakuwa mtu wa kuficha. Kuku anauzwa vipande, hujui hata alikuwa wa nani. Unga mweupe kama poda ya mtoto. Maji ya kununua. Lakini kilichomuudhi zaidi ni mbingu.

"Hata mvua ya hapa ni ya maneno," alisema akiangalia Ngong. "Inanguruma kama fahali, halafu inakojoa kama paka."

Jioni moja nikamsikia akimwambia Mama kwamba amechoka. Mwaka haujawahi kumpita bila kuonja chiswa, yaani kumbikumbi, na mtu asiyeonja chiswa huzeeka vibaya. "Nitangoja mpaka Jumapili," akasema. "Mvua isiponyesha, naenda kwangu."

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Shule zilikuwa karibu kufungwa, na nilijua Kukhu akipanda basi, yule mtoto wa kulowesha atahamia mgongoni kwangu likizo nzima. Wenzangu watakuwa wanaruka kamba, mimi nimesimama pembeni kama ng'ombe wa maziwa. Tena Kukhu ndiye aliyekuwa akisimama kati yangu na ndala ya Mama. Mtu kama huyo humwachii aende hivi hivi kwa sababu ya mawingu yenye uvivu.

Kesho yake nikamuuliza, "Kukhu, kumbikumbi wanajuaje kwamba mvua imekuja?"

"Wanasikia. Wako gizani, macho ya nini? Matone yakipiga juu, wanasema, haya, twende."

"Na tukiwapigia sisi?"

Akaacha kuchambua mboga. "Kumbe hiki kichwa si cha kusukia nywele tu. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mvua ikikataa kuja, unaiigiza. Lakini huku mjini, nani atanipa kichuguu?"

Kichuguu kilikuwepo, kikubwa, nyuma ya zizi. Tatizo lilikuwa mwenyewe. Mwenye ploti alikuwa bibi wa Kikuyu tuliyemwita Shosho, mwenye sauti ya kipaza sauti cha kanisa, na alikuwa amepiga marufuku mpangaji yeyote kukanyaga kule nyuma, eti tunawashtua kuku wake waache kutaga. Yeye na Kukhu walisalimiana kila asubuhi kwa adabu kubwa sana, adabu ya watu wasiopendana. Shosho aliamini kwamba Waluhya wanakula chochote chenye mabawa. Kukhu aliamini kwamba mtu anayekula mahindi na maharagwe kila siku ya Mungu hana ruhusa ya kumhukumu mwenzake.

Jumamosi mchana, joto lilikuwa la kupika yai juu ya bati. Ngong ilikuwa imeshaanza kunguruma. Shosho alikuwa ameanika mahindi kwenye magunia uani, akaingia ndani kulala. Kukhu akanipa ishara kwa midomo.

Tulienda nyuma na blanketi, fito, sufuria kubwa, madebe mawili ya mafuta na kibao cha kukatia mboga. Mtoto alifungwa mgongoni kwa Kukhu. Kukhu alikikagua kichuguu kama daktari, akapapasa, akagonga, akanusa, kisha akatoboa pale alipopataka. Akakunja fito juu yake, akatandaza blanketi likawa kama kibanda, akachimba shimo dogo pembeni akazamisha sufuria, na akaacha uwazi mdogo ili mwanga uingie upande wa sufuria tu. "Watafuata mwanga," alisema. "Kama watu wa Nairobi."

Kisha akanipa vijiti. "Usipige kama mtu anayedai. Piga kama mvua. Polepole, halafu nyingi."

Nikapiga. Yeye alipiga kibao, mimi madebe, huku akinyunyiza maji ya kikombe juu ya udongo na kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwao, wa kuwaambia chiswa kwamba nje kuna harusi. Mwanzoni niliona aibu. Halafu mikono ikashika. Nakuambia ilifika mahali nilikuwa mvua kamili, ya mabati, ya kufunga shule. Na ngurumo za Ngong zikatuingilia katikati kana kwamba tumezilipa.

Sasa upande wa mbele wa ploti, jirani yetu mke wa maalimu, mtu wa Mombasa, alikuwa ndani anakaanga mahamri. Akasikia ngurumo, akasikia matone yanakimbia juu ya bati. Akatoka na ukelele.

"Nguo! Jamani nguo! Mvua hiyo yaja!"

Hakuna aliyeangalia juu. Mtu wa Nairobi akisikia nguo, haulizi. Milango ikafunguka yote, kamba zikavuliwa shuka, suruali, mabuibui, watu wanagongana vichwa. Shosho akatoka na kitambaa cha usingizi kichwani, akajitupa juu ya mahindi yake, akaburuta gunia la kwanza mpaka ndani, la pili, la tatu, anaita kila mtakatifu anayemjua. Alipomaliza akasimama mlangoni anahema, akanyoosha mkono nje kuipima mvua.

Mkono mkavu.

Kule nyuma sisi hatukujua lolote. Tulishtukia tu kivuli.

"Mama," Shosho akasema polepole, "unafanya nini kwa ploti yangu?"

Kukhu hakuacha kupiga. "Ninanyesha."

"Unanini?"

"Ninanyesha. Usisimame hapo, unawazibia mwanga."

"Nimebeba magunia yote! Mgongo wangu! Wewe umeninyeshea mahindi bure!"

"Kwani yamelowa? Basi shukuru."

Nilidhani tutahamishwa siku hiyo hiyo. Shosho alifungua mdomo, na hapo ndipo udongo ukatikisika. Kichwa kimoja. Viwili. Halafu wakatoka kama uji unaochemka, mabawa yanang'aa, wanasukumana kuelekea uwazini na kudondoka sufuriani, shaa, shaa, shaa. Nikapiga kelele. Kuku wa Shosho wakasikia na wao, wakaja mbio kutoka kila pembe wakiwa na nia moja.

"Shika kuku zako!" Kukhu akafoka.

"Usiniambie mimi!"

"Wakila hawa watavimba wasitage mwezi mzima! Shika!"

Ile habari ya kutotaga ilimwingia. Shosho akavua kitambaa cha kichwa akaanza kupigana na kuku wake mwenyewe, anawafukuza kwa Kikuyu, anarusha viatu, anawaita majina ya watu wa ukoo wa mumewe. Wapangaji wakaja na nguo zao bado begani kuona mvua ya ajabu. Mke wa maalimu aliona sufuria inavyojaa, akasema, "Astaghafiru," na hakuondoka. Shosho alipochoka, aliketi kwenye debe langu moja, jasho linamtoka, akamwambia Kukhu, "Endelea basi, malizia, umeshaniharibia usingizi." Mtu mkali huyo, lakini siku hiyo aliwalinda kumbikumbi kuliko askari.

Jioni Kukhu alikaanga. Hakutia mafuta, wana mafuta yao. Chumvi tu, moto mdogo wa makaa, na mkono wake unazunguka bila kupumzika. Hakuangalia sufuria sana. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza simu, ananusa, ananusa, halafu ghafla, paa, akaepua. Akawapepeta kwenye uteo, mabawa yakaruka mpaka mlangoni kwa watu. Shosho alipelekewa bakuli akasema wapelekewe kuku. Bakuli lilirudi limeoshwa, na ninavyowajua kuku, hawaoshi vyombo.

Mama alipofika alisikia harufu akiwa getini. Alikula na viatu miguuni na mkoba begani, ugali wa unga wa kahawia aliouleta Kukhu kutoka kwao, mpaka sahani ikaonyesha maua yake. Mimi nilimtazama Kukhu kama mwanafunzi anayesubiri kurudishiwa mtihani. Alitafuna. Akalamba chumvi vidoleni. Akafumba macho.

"Ni wenyewe," akasema.

Nikajua nimeshinda. Nililala nikipanga michezo ya likizo yote.

Asubuhi nilimkuta anakunja leso zake na kuzitia kikapuni.

"Kukhu, si wametoka? Si umekula?"

"Nimekula, mjukuu wangu. Walikuwa watamu mno." Akakaa kitandani, akanivuta. "Mpaka jana nilikuwa nimesahau. Sasa nimekumbuka. Kwangu kuna vichuguu vitano, na mimi niko hapa nanyeshea cha watu. Kuna watu wananitobolea vyangu sasa hivi."

Nililia kwa hasira. Kama ningepiga yale madebe vibaya kidogo, kama ningekuwa mvivu kama mtoto yeyote wa kawaida, angengoja Jumapili nyingine, angenung'unika, angekaa. Mikono yangu ndiyo iliyomkatia tikiti. Shosho alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amembebea kikapu, wakawa wanabishana njia nzima kuhusu maharagwe.

Na mvua? Mvua ilinyesha Jumatano, yenyewe, bila kuombwa wala kuigizwa, ikaangusha mawe ya barafu juu ya mabati mpaka tukawa hatusikiani. Jioni kumbikumbi wakatoka kila mahali, mlangoni, chooni, kwenye taa ya zizi. Nilikuwa na mtoto mgongoni, ameshanilowesha. Tulijaza karai. Mama akawasha jiko, akatia chumvi, akazungusha mwiko, tukainama wote wawili juu ya sufuria.

"Tunaepua saa ngapi?" nikamuuliza.

"Sijui," Mama akasema. "Si huwa anaepua yeye."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mama yangu hajui kitu. Tukanusa. Tukaangaliana. Tukanusa tena, na tulipokuja kuamua, walikuwa makaa. Tuliwala hivyo hivyo, weusi, midomo imechafuka, tunacheka.

Kile kichuguu kilisawazishwa, leo pamesimama ghorofa yenye vioo vya bluu. Zizi halipo, mfereji wa pamoja haupo, na Shosho na Kukhu wamelala kila mmoja kwao, bila shaka wanaendelea kubishana. Hayo yote ningeweza kuyasamehe, mji ni mji. Lakini kati ya kumbikumbi mbichi na kumbikumbi aliyeungua kuna dakika moja, na katika ukoo wetu mzima mtu mmoja tu ndiye aliyeijua, aliijua kwa pua. Hatukumuuliza. Tulidhani kila mvua ingekuja na yeye.