Mto Wetu Haujapungua

Mgeni akikuuliza habari za mvua, jiulize kwanza anataka nini. Ndivyo nilivyolelewa, na huku Mbozi siko peke yangu. Anayeuliza kama mvua zimeshika anataka kujua mahindi utayauza kwa shida au kwa maringo. Kwa hiyo tunamjibu kwamba tunamshukuru Mungu, basi, aondoke na hilo.

Siku ile binti mmoja aliposhuka kwenye bodaboda kutoka Vwawa, ameshika simu pana kama sahani, nilimtilia shaka kabla hajamaliza shikamoo yake. Alisema ametumwa kuandika jinsi hali ya hewa ilivyobadilika: mvua zilianza lini zamani, sasa zinaanza lini, na mto wa bondeni unapungua mwezi gani. Aliuliza kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionitisha.

Bustani yangu iko bondeni, inagusa mto. Kabichi, nyanya na kitalu cha miche ya kahawa, vyote vinakunywa pale. Tulishasikia vijiji vingine watu wameambiwa wasilime karibu na maji. Nikawaza, nikisema mto unapungua wataniuliza nani anaupunguza, na kidole kitakuja kwangu. Mimi si mjinga wa kujichongea.

Nikamwambia mvua ni zilezile na mto haujapungua hata kidogo. Mama mkwe wangu, aliyekuwa anachambua maharage pale pale, akainua kichwa. Akaanza kueleza kwamba alipoolewa hapa, mwezi wa kumi na moja mahindi yalikuwa yameshaota, na sasa mwezi huo watu wanaangalia mawingu tu. Nikamkatiza, nikasema mama ni mtu mzima, anachanganya miaka. Hakunisemesha siku mbili, nami nikaona ni hasira za uzee.

Kumbe kijiji kizima kilijitia ujanja uleule. Jirani yangu alidiriki kusema mvua zimeongezeka. Jumapili baada ya ibada tulisimuliana majibu yetu na kucheka mpaka machozi.

Miaka miwili baadaye mto ulikatika mwezi wa tisa. Miche yangu ikaanza kujikunja majani. Tukaitwa kwenye mkutano wa kijiji, tukasomewa majina ya vijiji vitakavyochimbiwa visima virefu, na chetu hakikuwamo. Mtendaji wa kijiji alieleza kwamba wanaanzia kule ambako wananchi wenyewe walisema maji yanapungua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nyumbani nikamwomba mama mkwe radhi. Hakunisuta. Alisema tu, "Nenda ukamwambie yule binti ulichokiona. Usimwambie unachokitaka."

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Vwawa, nikamkuta binti ofisini. Nilimwaga yote. Mvua zinachelewa, zikija zinapiga siku mbili kwa fujo halafu zinakimbia wiki tatu, na mto sasa ni mawe matupu. Nikakiri na uongo wangu, na sababu yake. Akafungua simu yake, akanisomea majibu yangu ya zamani, moja baada ya jingine.

"Wakati ule hamkuhitaji kisima, mto ulikuwa mzima," alisema. "Leo mnahitaji kisima, mto umekauka. Niandike lipi, mama?"

Nilimwambia aje auone kwa macho yake, leo hii hii, nauli ya bodaboda nitalipa mimi. Akaangalia ratiba yake. Alisema atakuja, lakini nafasi ipo mwezi wa pili.

Mwezi wa pili ni katikati ya mvua. Mwezi huo mto wetu unajaa mpaka unafunika daraja la miti, na mtoto hathubutu kuvuka. Nikamwambia hivyo, nikamsihi asije wakati huo.

Akaweka simu mezani, akaniuliza kwa upole ni kitu gani ambacho sitaki akione.