Majina Katikati ya Maharage

Kila nikipita kando ya shamba la maharage asubuhi, kabla umande haujakauka, harufu ya yale majani mabichi hunirudisha makaburini. Wengine ingewarudisha jikoni. Naomba univumilie nikueleze sababu, maana nilipokuwa na miaka tisa niliwang'oa wafu wote wa kanisa letu, nikawasimika katika shamba la mama yangu.

Kwetu ni vilimani, mwendo mrefu kwa miguu kutoka Nyabiondo kama hukupata pikipiki. Maharage ya huko si yale mafupi yanayokaa chini. Hupanda, na usipoyapa mti wa kushika hulala kwenye tope na kuoza. Kwa hiyo msimu wa maharage ni msimu wa kutafuta miti: myembamba, iliyonyooka, migumu kiasi cha kuvumilia mvua. Watu huigombania miti hiyo kuliko wanavyogombania mipaka ya shamba.

Mwaka huo tulikuwa tumerudi. Vita ilitutoa kijijini nikiwa bado nabebwa mgongoni, tukaishi kwa watu mpaka nikaota meno ya pili, halafu siku moja baba akasema inatosha, tukapanda mlima. Kila familia ilirudi kwa wakati wake na kujifungia katika kiwanja chake. Kanisa letu, la Kipresbiteri, lilikuwa limebaki na kuta za mbao na mabati machache. Nyuma yake palikuwa na nyasi zilizonipita kimo, na ndani ya nyasi hizo, siku niliyotumwa miti, nilikuta utajiri: fimbo za mti mgumu, zimesimama kwa mistari, moja moja, kama zinanisubiri.

Nilijua ni nini. Ni shamba la maharage la mtu aliyekimbia na hakurudi. Ungefikiri vipi wewe, mtoto uliyekulia mbali, hujawahi kuliona kaburi la kwenu? Ng'ombe walikuwa wamelisha pale miaka mingi, na udongo ulikuwa umelala sawasawa. Nilikwenda mara tatu, nikarudi na fimbo thelathini na moja. Mama hakuuliza zimetoka wapi. Mtu mwenye maharage yaliyolala chini haulizi maswali mengi.

Sasa nikueleze desturi ambayo sikuijua. Mtu wa kanisa letu akizikwa, familia haikuwa na saruji ya kujengea kaburi. Mzee wa kanisa alichonga fimbo, akachoma jina juu yake kwa msumari uliopashwa moto, akaisimika upande wa kichwa. Majina yalikuwepo, ila ukungu wa kijani ulikuwa umeyafunika, na mimi sikuwa mtoto wa kuchunguza fimbo.

Maharage yalipanda vizuri sana. Yalikuwa yameanza kutoa maua Mama Feza, jirani yetu, alipokuja kutusaidia kupalilia. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilimwona akiinama, akasimama, akainama tena, akasugua fimbo kwa kidole gumba.

"Mama Riziki," alimwita mama yangu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Yosua wangu anafanya nini mu maharagi yako?"

"Yosua gani tena?" mama alijibu kutoka upande wa pili, bila kuinua kichwa. "Mufukuze, asikanyage maua!"

Kisha akakumbuka kwamba Mama Feza hakuwa na Yosua aliye hai; mwanawe wa jina hilo alizikwa kabla hatujakimbia. Jembe lilimdondoka. Walizunguka shamba zima wakifunua majani na kusoma, na kila jina lilikuwa mtu waliyemjua. Mimi nilikuwa nimekwisha kaa chini kwenye mfereji, nimefunika uso kwa sketi.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walikaa. Sisi Wapresbiteri hatuna askofu. Wanaoamua ni wazee waliochaguliwa na waumini wenyewe, na hata mchungaji, aliyekuja kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, aliketi kwenye benchi lao kama mmoja wao. Mama alinisimamisha mbele. Ninakumbuka miguu yangu ilivyokuwa ikitafuta njia ya kutoka bila mimi.

"Achapwe," alisema mmoja. "Sasa nani atajua mutu wake iko wapi?"

"Tumuchape," alijibu Papa Bauma, mkubwa wao, mzee mwenye mikono mipana kama majani ya ndizi. "Kisha fimbo zitarudi zenyewe?"

Watu walicheka kidogo, lakini swali lilibaki palepale. Majina yalikuwepo, mahali ndipo palipopotea. Kijana mmoja akasema fimbo zing'olewe siku hiyohiyo. Hapo mama yangu akaanza kulia, maana ukizing'oa maharage yanakufa, na hatukuwa na chakula kingine.

Mama Feza alisimama. Kila mtu alijua kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko wote.

"Muache maharagi ikomae," alisema. "Yosua alikuwa anapenda maharagi. Ashike kwanza, kisha arudi."

Hivyo wafu wa kanisa letu walibeba maharage yetu mpaka mavuno. Mama aliyagawa: kila familia yenye jina shambani ilipata kikapu. Baba alilalamika kwamba sisi wenyewe tulibaki na kidogo; mama alimwambia hata fimbo hazikuwa zake.

Baada ya mavuno wanaume walifyeka zile nyasi, na Papa Bauma akatuita sote nyuma ya kanisa mara tu ibada ilipokwisha. Nilikuwa nimezipanga fimbo zote miguuni pangu, tayari zimesuguliwa.

"Muguu haisahau," alisema. "Nitasoma jina. Mwenye mutu, aende asimame pale alisimama siku ya kuzika."

Wa kwanza alikuwa Papa Byamungu, mfugaji. Alikwenda moja kwa moja hadi pembeni, akageuka. "Mvua ilikuwa inanyesha, nilijificha chini ya huu muti. Baba yangu iko hapa, mbele ya viatu."

"Songa kidogo, Papa Byamungu!" mama mmoja akapaza sauti. "Unamukanyaga shemeji yangu!"

"Hata akiwa hai alikuwa anachukua nafasi kubwa!" alijibu Papa Byamungu.

Mimi nilisimika fimbo, yeye akasonga, wakacheka hadi wakafuta machozi. Watu ambao tangu kurudi walikuwa wakisalimiana kwa mbali walianza kuulizana: nani alikuwa kushoto kwako siku ile? Nani alianzisha wimbo? Jina lilitoa habari, na habari ikapata mahali pa jina lingine.

Jina la Yosua liliposomwa, Mama Feza alitembea polepole, akasita. Papa Bauma, kama mtu aliyechoka ghafla, akaenda akaketi kwenye majani, hatua chache mbele yake. Mama Feza akaenda pale. "Ni hapa," akasema.

Ilibaki fimbo moja. Lilikuwa jina la mwinjilisti aliyekuja kwa miguu kutoka msitu wa Walikale, akafundisha watu kusoma chini ya paa la majani kabla kanisa halijajengwa, akafa bila mke wala mtoto. Hakuna aliyesogea.

"Riziki," Papa Bauma aliniambia, "huyu hana mutu. Simama wewe."

"Wapi, Papa?"

Alinionyesha kwa kidevu. Nilisimama, na watu walinitazama kama wanavyomtazama mfiwa. Nilisahau kwamba nilikuwa mkosaji.

Papa Bauma alifariki nikiwa tayari mama wa watoto wawili. Siku ya kumchimbia, mchungaji mpya aliuliza ni wapi penye nafasi. Watu walikwenda kusimama, kila mmoja kwa mtu wake, nami kwa mwinjilisti wangu, na katikati yetu nafasi ikaonekana wazi.

Mama Feza alikuwa karibu nami, ameegemea fimbo yake ya kutembelea.

"Unajua nani alichimba haya makaburi yote?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Ni yeye. Mimi siku ya Yosua nilikuwa nimelala mu kipoyi, wanaume wananibeba kwa mabega mpaka hospitali ya Nyabiondo. Sikuona kitu. Yeye njo alimuzika."

Nilihesabu kichwani. Mikono ile ilikuwa imechimba kila kaburi la fimbo zile. Papa Bauma angeweza kuzirudisha fimbo zote thelathini na moja peke yake, asubuhi moja, bila kumwita mtu. Alichagua kutuuliza sisi.

Wanaume wakaanza kuchimba. Hakuna aliyetoka mahali pake mpaka walipomaliza.