Pasi zote za Neema zimefika

Jamani, leo kocha amemsifu binti yangu, na sifa zenyewe zimenitia hofu.

Mechi imeisha kule uwanja wa Mabogini, kocha akaniita mbele ya wazazi wenzangu. "Mama Neema, hongera! Mimi siangalii wingi wa pasi. Naangalia katika zile alizojaribu, ngapi zimemfikia mwenzake. Za Neema zimefika zote!"

Nikapiga vigelegele, mtu mzima mimi.

Jirani yangu Mama Happy akanivuta kitenge. "Dada, si amepiga tatu tu?"

Nikaacha vigelegele, nikamtazama Neema.

Neema huyu anayekimbia uwanja mzima akidai mpira mpaka wenzake wanamchoka? Leo alisimama sehemu moja, mkono kifuani, anasubiri mpira umfuate. Mimi nikadhani ndiyo ufundi!

Nikamfungulia hotipoti ya mtori, supu ya ndizi anayoipenda. Hakuutaka.

"Mama, usimwambie kocha kifua kinaniuma. Amesema Jumamosi naanza kikosini."

Nikamwambia kocha hivyo hivyo. Kocha akacheka. "Mama, namba hazidanganyi."

Sawa, hazidanganyi. Lakini vidole vya mwanangu vilikuwa baridi kama maji ya mfereji, na jua lote lile!

Sasa tuko hospitali, tunasubiri kuitwa. Neema amenigeuzia mgongo, haongei na mimi. Anune tu, mradi nasikia anavyopumua.

Mwenye mtoto aliyewahi kushika kifua hivi, aniambie ilikuwa nini. Msinifiche.